Kubadili kichwa cha gia kwenye gari otomatiki la porini

Magari mengi ya porini yaliyoagizwa Japani hufika Mwanza kichwa cha gia kikiwa kimeshachoka: ngozi imechanika, rangi ya fedha imebanduka na inakwaruza kiganja. Kuweka cha mninga kilichokerezwa hapa hapa mjini ni kazi ya asubuhi moja, ukiacha muda wa gundi kukauka. Ila mkono wa gia otomatiki si pambo. Ndio unaoiambia gia boksi ikae wapi, na ndio unaoweka P (nafasi ya kuegesha) ukiegesha kwenye mteremko wa Bugando au ndani ya kivuko cha Rugezi. Kwa hiyo badilisha umbo, uzito na ngozi upendavyo, lakini kufuli la P na kiungo kinachokwenda gia boksi viache vifanye kazi kama vilivyotoka kiwandani.

Anza kwa kutambua aina ya mkono ulio nao. Toyota Prado 120 na 150 zina mkono unaopita kwenye njia yenye kona. Hauna kitufe, na kichwa chake kimefungwa kwa thredi tu. Prado 90 na Hilux Surf za zamani zina mkono unaokwenda moja kwa moja, wenye kitufe ubavuni. Hizi za kitufe usizikerezee kichwa kipya. Kitufe kile husukuma fimbo iliyo ndani ya mkono, na fimbo ndiyo inayochomoa pini kwenye kituo cha P. Ukiweka kichwa kisicho na kitufe, gari halitoki P. Wapo wanaoikata pini ili mkono uende bure; gari la namna hiyo mtoto anaweza kulitoa P kwa goti. Kwenye aina hii vua ngozi ya zamani, shona mpya juu ya kichwa kile kile, basi.

Humo humo kwenye kichwa cha kitufe hupita waya mbili za swichi ya O/D (overdrive, gia ya juu kabisa ya mwendo wa barabarani). Ukilazimika kuzikata, funga kila ncha peke yake kwa tepu. Kwenye Toyota hizi, O/D hufanya kazi swichi ikiwa wazi. Waya zikigusana, taa ya O/D OFF inawaka, gari halipandi gia ya nne, na utachoma mafuta bure mpaka Musoma ukidhani injini ina tatizo.

Kinachofuata ni kwa mkono wa kona.

Egesha tambarare, vuta hendibreki, zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Kama gari lina mkono mdogo wa 4x4, hakikisha uko H (mwendo wa kawaida). Ukiwa N (huru), hata gia kubwa ikiwa P magurudumu yanazunguka huru na gari linaondoka. Jambo hili limewashangaza wengi ufukweni wanaposhusha boti. Washa swichi, kanyaga breki, peleka gia N, kisha zima. Kama utanyanyua fremu ya konsoli (sanduku la katikati ya viti), sasa ndipo fungua waya hasi wa betri. Ukianza na betri, kufuli la umeme linabaki limeshika na mkono hautoki P.

Zungusha kichwa kinyume cha saa kwa mkono. Kikigoma, kizungushie kipande cha mpira wa tyubu upate mshiko. Usibane chuma cha mkono kwa plaizi, utakwaruza thredi. Toyota nyingi za aina hii hutumia M8 yenye hatua ya 1.25, lakini hakikisha kabla ya kumlipa mkerezaji: chukua nati ya kawaida ya M8 duka la vifaa, izungushe kwa vidole. Ikiingia laini mizunguko mitano au zaidi, ndiyo yenyewe. Ikikaza kwenye mzunguko wa pili, usiilazimishe.

Kwa mti, mninga unatosha na unakerezeka vizuri. Mpingo ni mzuri kwa macho ila ni mzito na unapasuka mkerezaji akiharakisha. Kilicho muhimu kuliko aina ni ukavu. Gari lililofungwa vioo juani pale Kirumba linakuwa tanuri, na mbao mbichi itachanika ndani ya wiki chache. Chukua kipande cha milimita 60 kwa 60, urefu 90. Toboa kwanza tundu la milimita 12, kina 30, katikati kabisa, ndipo ukereze nje ukilifuata tundu. Ukikereza kwanza, kichwa kitakaa upande. Kipenyo cha juu kiwe milimita 45 hadi 50.

Usikate thredi kwenye mbao yenyewe, zitaliwa. Mwambie fundi chuma atengeneze bushi ya shaba ya njano: nje milimita 12 yenye mikwaruzo ya kushika gundi, ndani M8 x 1.25, urefu 25. Ipake gundi ya epoksi ya mirija miwili, iingize ukiwa umepaka grisi kidogo kwenye thredi za ndani ili gundi isizizibe, acha saa 24. Malizia kwa msasa namba 320 na mafuta ya mbao, matabaka membamba mawili au matatu. Vanishi inayong'aa inateleza mkono ukiwa na jasho au maji ya ziwa, na utakuja kuijua siku umekwama kwenye udongo mweusi wa mbuga huko Magu, unabadilisha D (mbele) na R (kinyumenyume) ili gari lijikwamue. Kila mara subiri magurudumu yasimame ndipo ubadilishe. Kichwa kizuri hakiokoi klachi za ndani ya gia boksi.

Uzito usizidi gramu 250. Vichwa vya chuma kizito vinapendeza dukani, lakini kwenye barabara ya vumbi yenye matuta vinatikisa mkono kutwa nzima na kula bushi za plastiki chini yake. Urefu nao usiongezeke zaidi ya milimita 20.

Ukifunga, tone moja la gundi ya nati ya bluu linatosha. Ile nyekundu inahitaji moto kufungua. Kama unashona ngozi mpya ya kufunika shina, kata kwa kufuata ya zamani na uongeze milimita 10 za mshono, halafu ijaribu mkono ukiwa P na ukiwa nafasi ya mwisho kabisa kabla ya kushona moja kwa moja. Ngozi iliyobana inavuta mkono urudi nyuma, gia inakaa nusu, presha ya mafuta inashuka na klachi zinaungua. Kitundu cha SHIFT LOCK kisifunikwe: betri ikifa, hicho ndicho njia yako ya kutoa gari P.

Rudisha betri, ujaribu. Swichi ikiwa imewashwa bila kukanyaga breki, mkono usitoke P. Injini iwake P na N tu. Taa za kurudi nyuma ziwake ukiweka R. Herufi ya dashibodi ifanane na ya mkono.

Herufi zisipofanana, kichwa hakihusiki. Kiungo kimelegea au kimesogea. Gari likiwa bado limezuiwa kwa mawe, ingia chini, legeza nati iliyo kwenye mkono mfupi wa chuma (si ule wa 4x4) ubavuni mwa gia boksi. Usukume mkono huo hadi mwisho upande wa P, urudishe vituo viwili: R, kisha N. Mwenzako aweke N ndani na ausukume mkono taratibu kuelekea R bila kuutoa N, nawe ukaze nati. Bushi ya kiungo ikicheza, ibadilishe kabla ya kurekebisha, maana vipimo havitakaa.