Kutoka Kukokotoa Hadi Kuthibitisha: Namna ya Kuzivuka Kozi za Hisabati

Kozi ya uchanganuzi halisi, ile inayothibitisha misingi ya kalkulasi, niliisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilifeli. Mwaka wa kwanza wote kalkulasi ilikuwa imeninyookea: nikipewa intigrali naikokotoa, nikipewa mlinganyo nautatua. Kisha nikaingia kwenye mtihani ambao swali lake la kwanza lilianza na neno "Thibitisha", nikakaa nalitazama bila kujua hata mstari wa kwanza unaandikwaje. Tangu nilipohitimu nimekuwa nikikaa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, na wengi wanaokwama hukwama palepale nilipokwama mimi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu daraja hilo moja.

Anza kwa kuchora ramani. Andika kozi zote za shahada yako kwenye karatasi moja, kisha vuta mshale kutoka kila kozi hadi ile inayoitegemea. Kalkulasi ya kigeu kimoja itaelekea ya vigeu vingi na milinganyo tofautishi. Uchanganuzi halisi utaelekea topolojia na nadharia ya kipimo, ambayo ndiyo inayobeba probabiliti ya ngazi za juu. Sasa hesabu mishale inayotoka kwenye aljebra ya linia: inakwenda kwenye milinganyo tofautishi, takwimu, aljebra dhahania, kalkulasi ya vigeu vingi, karibu kila mahali. Kozi yenye mishale mingi usiipite kwa alama za kuponea. Ukibakiwa na muda wa kurudia kozi moja tu wakati wa likizo, rudia hiyo.

Na usiichukulie aljebra ya linia kuwa ni kozi ya kuzidisha matriksi. Wengi huisoma hivyo, wakafaulu, kisha mwaka wa tatu wakaonekana kama hawajawahi kuisoma. Mazoezi ninayompa kila ninayekaa naye ni haya: chukua polinomia zote za digrii isiyozidi 2. Hizo ni vekta, na besi yake (vekta chache zinazojenga nyingine zote bila ziada) ni 1, x na x². Sasa kutafuta derivativu ni mabadiliko ya linia, kwa hiyo yana matriksi. Iandike. Derivativu ya 1 ni 0, ya x ni 1, ya x² ni 2x, basi safu wima zake ni (0,0,0), (1,0,0) na (0,2,0). Matriksi hii haina kinyume, na sababu unaijua tangu kalkulasi: 5 na 8 zote zina derivativu 0, kwa hiyo huwezi kurudi nyuma ukajua ulianza na ipi. Ile "jumlisha C" uliyokuwa ukiiandika mwisho wa kila intigrali ndiyo hiyo. Nimewaona watu wakinyamaza kabisa hapo, kisha wanacheka kwa furaha. Kozi mbili walizodhani hazijuani zimekutana.

Sasa daraja lenyewe. Kama chuo chako kina kozi ya mantiki, seti na uthibitisho, isome kabla ya uchanganuzi halisi, hata kama ratiba inakuruhusu kuiruka. Kama hakina, jifundishe mwenyewe njia tatu: uthibitisho wa moja kwa moja, wa ukinzani (unachukulia kinyume hadi kijipinge chenyewe), na wa induksheni (unathibitisha kwa namba ya kwanza, kisha kwamba kila namba inaibeba inayofuata). Uzifanyie mazoezi kwenye namba shufwa na witiri, ambako hakuna dhana ngeni ya kukusumbua.

Kisha jifunze kusoma fasili neno kwa neno. Fasili ya kwamba kikomo cha f(x) ni L pale x inapokaribia a inasema: kwa kila epsiloni chanya, ipo delta chanya, ambayo x ikiwa karibu na a kwa umbali chini ya delta (bila kuwa a yenyewe), f(x) inakuwa karibu na L kwa umbali chini ya epsiloni. Jaribu na 3x + 1 pale x inapokaribia 2. Kikomo ni 7. Tofauti kati ya 3x + 1 na 7 ni mara tatu ya tofauti kati ya x na 2, kwa hiyo delta ya epsiloni gawanya kwa 3 inatosha. Hesabu yenyewe ni ya mistari miwili. Ugumu uko kwenye mpangilio wa maneno. Geuza useme "ipo delta moja inayofaa kwa kila epsiloni", na umeshadai kwamba funksheni yako ni 7 tupu kila mahali kuizunguka 2. Kosa hilo ndilo lililonifelisha, na hakuna aliyenionyesha kwamba ni kosa la sarufi zaidi ya hesabu.

Ukiona inachelewa kukuingia, usijitie unyonge. Newton na Leibniz waliijenga kalkulasi katika karne ya 17, lakini fasili hii ilikaa sawa katika karne ya 19, kwa kazi ya Bolzano, Cauchy na Weierstrass.

Aljebra dhahania nitaipitia haraka, kwa sababu dawa yake ni moja: mifano. Kila fasili mpya, tafuta kitu kinachoitimiza na kingine kinachoikosa. Kwenye hesabu za saa yenye namba 12, ambako ukifika 12 unarudi 0, 3 mara 4 ni 0 ingawa hakuna hata moja kati yake iliyo 0. Kwenye saa ya namba 7 jambo hilo halitokei kamwe, kwa kuwa 7 ni namba tasa. Mifano hiyo miwili itakubeba wiki kadhaa. Ila ukiweza, usianze kozi hii na uchanganuzi halisi katika muhula mmoja. Zote mbili zinataka kichwa kizima.

Kwa kila wiki, utaratibu ulioniokoa mara ya pili ulikuwa huu. Siku ya mhadhara, jioni, nafunga daftari na kuandika thiorema ya siku hiyo pamoja na uthibitisho wake. Ninapokwama nafungua, nasoma mstari mmoja tu, nafunga tena. Maswali ya mazoezi nayaanza siku yanapotolewa, kwa sababu mengine yanahitaji kulaliwa usiku mbili tatu. Na kwa mhadhiri siendi na "sijaelewa". Naenda na karatasi nimepigia mstari sentensi niliyokwamia.

Ukitaka kupima kama umeanza kuvuka, chukua uthibitisho kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu p/q ya namba nzima mbili. Uandike bila kuangalia popote. Kisha weka 4 kila palipo na 2, na utafute sentensi inayovunjika. Ni ile inayosema kwamba p² ikigawanyika kwa 4, basi na p inagawanyika kwa 4. Weka p = 2 uone.