Kuotesha mforosadi uani kwa kijiti

Wanaotaka kupanda zile bleki beri za Ulaya hapa Unguja mie nawaambia pandeni mforosadi (mti wa malberi), zile bleki beri zinataka msimu wa baridi ndo zizae vizuri na baridi hiyo huku hatuna, forosadi inastahamili joto na inaota kwa kijiti tu.

Omba tawi kwa jirani, lililokomaa, unene wa penseli. Kata vipande vya sentimita 20 hivi, kila kimoja macho (pale panapochipua) 3 au 4, chini kata mshazari juu kata sawa ili usije ukakipanda kichwa chini. Toa majani yote. Chomeka kwenye mfuko wa udongo na samadi iliyooza, macho 2 yafukiwe, weka kivulini, mwagia maji lakini usitotese. Kikichipua usikimbilie kuhamisha, majani yanaweza kutoka kabla ya mizizi na miche mingi inafia hapohapo! Kivute kidogo sana, kikikaza ndo tayari.

Hamishia ardhini masika yakianza. Kama unakaa kwenye maweni, yaani ardhi ya mawe, chimba shimo kubwa ujaze udongo na samadi, au tumia ndoo kuukuu uitoboe chini. Mbali na kamba ya nguo tafadhali, doa la forosadi gumu kutoka.

Matunda yanakuja kwenye vitawi vipya, kwa hiyo ukimaliza kuchuma pogoa, puputua na majani, mwagia maji, mti utachipua na kuzaa tena. Chuma nyeusi kabisa, nyekundu hata ukiziweka ndani haziwi tamu.