SOMO: Kulala msituni na farasi wako, kuanzia nyumbani hadi siku ya kurudi

Wakuu, swali limeulizwa tena wiki hii kwa maneno yale yale ya wiki iliyopita: "Nataka kwenda kupiga kambi na farasi, nianzie wapi?" Wengi wanaouliza mko Louisville, Lexington na Indianapolis, na baadhi yenu mnafanya kazi kwenye mazizi ya Kentucky na sasa mmepata farasi wa kwenu. Naandika mara moja, kwa kirefu. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mfano wangu ni Msitu wa Taifa wa Hoosier, kusini mwa jimbo la Indiana, Marekani, hasa kambi ya farasi ya Blackwell, jirani na pori la Charles C. Deam. Pori hilo lina ekari karibu 13,000, lilitengwa kisheria mwaka 1982, na limepewa jina la mkuu wa kwanza wa misitu wa jimbo la Indiana. Ni vilima na mabonde ya mialoni (oak) na mihikori (hickory), na Ziwa Monroe liko pembeni. Baiskeli haziruhusiwi kwenye njia za pori, pikipiki vilevile. Ndiyo maana kuna utulivu, na ndiyo maana napapenda. Msitu huohuo una kambi nyingine za farasi: Hickory Ridge, Shirley Creek na Youngs Creek.

Jambo moja kabla hatujaanza: tafuteni kambi iliyoandikwa kuwa ni ya farasi. Pale trela inapata pa kugeuzia, kuna mahali pa kufungia, na jirani yako naye ana farasi, hivyo hatashtuka wako akilia saa nane usiku.

Hatua ya 1: Karatasi. Farasi awe na kipimo cha damu kiitwacho Coggins kinachoonyesha hana maambukizi. Ukivuka mpaka wa jimbo, ongeza cheti cha afya cha daktari wa mifugo, ambacho kwa kawaida hudumu siku 30. Beba nakala ndani ya gari.

Hatua ya 2: Piga simu ofisi ya msitu. Usitegemee alichokuambia rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Uliza kama maji yapo, kama nafasi hulipiwa mapema au ni za anayewahi, njia zipi zimefungwa, na samadi hutupwa wapi. Hoosier wanadai kibali cha njia kwa kila mpanda farasi mwenye umri wa miaka 17 na kuendelea. Ukienda misitu ya majimbo ya magharibi, uliza pia habari ya nyasi zilizothibitishwa kuwa hazina mbegu za magugu, maana kwingi huko hazikubaliwi nyingine.

Hatua ya 3: Fanya mazoezi nyumbani. Mfunge farasi vilevile utakavyomfunga msituni, usiku kucha, ukiwa karibu naye. Farasi asiyejua kusimama kwenye kamba usiku asifundishwe msituni.

Hatua ya 4: Trela. Matairi, taa, breki, na ubao wa sakafu. Inua mkeka uuone ubao wenyewe. Mkojo huuozesha kutoka juu huku chini ukionekana mzima.

Hatua ya 5: Chakula na maji. Kwa siku farasi hula nyasi kavu kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake. Wa kilo 450 anahitaji kilo 7 hadi 9. Chukua nyasi zilezile anazokula nyumbani na uongeze za siku moja ya ziada. Maji ni lita 20 hadi 40 kwa siku, na jua kali likiwaka huzidi hapo. Farasi wengi hukataa maji yenye harufu ngeni, kwa hiyo beba ya nyumbani ya kutosha angalau usiku wa kwanza. Wengine huwazoesha maji yenye juisi kidogo ya tofaa wiki moja kabla ya safari, kisha kambini wanayatia juisi hiyohiyo. Inasaidia kweli.

Hatua ya 6: Ukifika, farasi kwanza, hema baadaye. Mteremshe, mtembeze, mpe maji, mwache aone mazingira. Halafu tazama miti iliyo juu yake kabla hujafunga kitu chochote. Majani ya mmepo mwekundu (red maple) na ya mcheri wa mwituni (wild cherry) yakinyauka ni sumu kwa farasi, na tawi lililovunjwa na upepo jana ndilo lenye majani yaliyonyauka leo. Mjozi mweusi (black walnut) nao uuepuke, kwani mbao zake zikisagwa huumiza kwato. Mwaloni na mhikori ulio hai, mnene, usio na matawi makavu juu, huo ndio mti wa kufungia.

Hatua ya 7: Kamba ya juu. Hapa someni polepole. Mara yangu ya kwanza nilikosea hapa, na farasi alipitisha mguu wa mbele juu ya kamba usiku. Ngozi ilichubuka hadi nyama ikaonekana, na tulirudi nyumbani asubuhi bila kupanda.

Kamba ya juu hufungwa kati ya miti miwili, juu ya kichwa cha farasi, mita 2 na kitu kutoka ardhini. Usiizungushie moja kwa moja kwenye gome. Tumia mikanda mipana, angalau sentimita 5, ili isiukate mti. Kamba yenyewe isiwe ya kuvutika. Ya nailoni laini ukiikaza jioni, usiku wa manane imelegea na kushuka hadi kifuani mwa farasi. Ikaze mpaka ukining'inia kwa mikono ishuke kidogo tu.

Halafu kamba ya farasi inayoshuka kutoka juu. Urefu wake ndio unaoamua kama mtalala au mtakesha. Pua ifike kwenye nyasi zilizo chini, basi. Ukiiacha ining'inie bila farasi, kikulabu chake kisiguse ardhi. Ikigusa, umeacha kitanzi cha kunasa mguu. Iunge juu kwa pete inayozunguka ili isijisokote, na iwe na kizuizi kila upande ili farasi asisogee hadi kwenye shina.

Mambo ambayo sitaki kusikia mtu amefanya:
- Kumfunga farasi kwenye shina la mti usiku kucha. Atakwangua mizizi kwa kwato, mti utakufa, na kambi itafungwa kwa ajili yako.
- Kumfunga kwa lijamu au hatamu. Akivuta, ataumia mdomo. Mfunge kwa mkanda wa kichwani usio na lijamu.
- Fundo lisilofunguka kwa kuvuta ncha moja. Kisu kiwe karibu hata kama fundo lako ni zuri.
- Kuwaweka wawili karibu kiasi cha kupigana mateke. Acha nafasi ya mita 3 au 4 kati yao, na mita 2 au zaidi kati ya farasi na mti.
- Kufunga karibu na kijito. Rudi nyuma mita 60.

Hatua ya 8: Usiku. Mtazame kabla ya kulala, mtazame ukiamka kwenda haja. Farasi mzima hutafuna, hupumzisha mguu mmoja wa nyuma, hunya. Akiacha kula, akijitazama ubavuni, akikwangua ardhi, akitaka kulala na kuinuka mara kwa mara, huo ni msokoto wa tumbo. Ondoa chakula na umpigie daktari saa hiyohiyo. Mabondeni simu hukosa mtandao, kwa hiyo ukifika tu tafuta ni kilima kipi kina mtandao, na namba ya daktari wa mifugo wa eneo lile iwe imeandikwa kwenye karatasi.

Hatua ya 9: Njiani. Fuata njia zilizowekwa alama kwa farasi, usikate mkato. Mkishaloa mvua siku mbili, pumzikeni. Udongo wa vilima vile ukikanyagwa ukiwa tope hubaki mifereji.

Hatua ya 10: Kuondoka. Samadi na mabaki ya nyasi yote uyazoe, uyapeleke walikokuelekeza. Mashimo aliyochimba kwa kwato uyafukie. Moto uuzime kwa maji mpaka mkono uvumilie majivu.

MASWALI

Kamanda_Thika: Boss, nimeona ni refu sana. Kwa ufupi, nahitaji nini?

Mwandishi: Unahitaji kulisoma.

Kamanda_Thika: Sawa sawa. Nimesoma. Lakini hiyo kamba ya juu ni lazima? Mimi namfunga tu kwenye trela.

Mwandishi: Trela inafaa kama imeunganishwa na gari na magurudumu yamewekewa vizuizi. Hakikisha hakuna kona ya chuma wala kibao cha namba kinachoweza kumkata, na urefu wa kamba ni uleule niliosema. Trela iliyokatwa kutoka kwenye gari usimfungie farasi kabisa. Anaweza kuivuta.

Binti_Pangani: Kaka, shukrani kwa somo. Nauliza kwa kutaka kujua tu, sina farasi. Hicho kipimo cha Coggins kinapima nini hasa, mpaka kila mahali kinadaiwa?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Kinapima upungufu wa damu wa farasi unaoletwa na virusi. Nzi wakubwa wanaouma ndio wanaovisambaza, na sindano iliyotumika kwa farasi zaidi ya mmoja. Hauna chanjo wala tiba, na farasi akiupata anabaki navyo maisha yake yote hata akionekana mzima. Ndiyo maana sheria ni kali: anayekutwa navyo huuawa, au hutengwa maisha, mbali na farasi wengine. Kipimo kina jina la Leroy Coggins, mtafiti aliyekitengeneza miaka ya 1970 ilipoanza. Sasa fikiria kambi yenye farasi kutoka majimbo matatu, wamefungwa mita chache kutoka kwa wenzao, na nzi wamejaa. Mmoja mwenye virusi anawatosha wote.

Binti_Pangani: Subhanallah. Na huku kwetu je? Mbona farasi ni wachache hivi?

Mwandishi: Sababu kubwa ni mbung'o. Huleta nagana, ugonjwa unaoua farasi upesi kuliko ng'ombe wengi wa kienyeji. Halafu kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na visubi wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri. Wenye farasi Kenya huwachanja kila mwaka, na wengi huwaingiza bandani kabla jua halijazama. Kwa hiyo hili somo la kulala nje na farasi usilihamishe hivihivi mpaka Usambara au Aberdare. Ongea kwanza na daktari wa mifugo anayelijua eneo.

Mwana_Uvira: Kaka, mimi niko Louisville. Jirani ananiazima farasi wake. Ninaweza kumpeleka Blackwell wikendi hii? Sijawahi kupanda usiku wala kulala naye.

Mwandishi: Wikendi hii, hapana. Jirani akuruhusu ulale naye nyumbani kwake kwanza, farasi akiwa kwenye kamba. Umwombe pia aende nawe safari ya kwanza, maana anamjua farasi wake. Na Coggins iwe na jina la farasi huyohuyo, isiwe ya mwenzake wa zizini.

Mwana_Uvira: Nimeelewa. Asante kwa kunieleza bila kunicheka.

Mwandishi: Hakuna wa kucheka hapa. Ukipata tarehe niandikie, nitakuazima mikanda ya miti.

Baba_Imani: Sijaona umesema kuni. Mimi hubeba za nyumbani, ni nyingi na bure.

Mwandishi: Usibebe. Kuna mdudu anayeua miti ya mwesho (ash), aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na Indiana akaonekana 2004. Husafiri ndani ya kuni za watu wanaosema ni nyingi na bure. Nunua karibu na kambi, uchome zote hukohuko.

Baba_Imani: Hujalazimika kusema hivyo.

Mwandishi: Nimesema kwa sababu nimeona miti hiyo imekauka mlima mzima, Baba Imani. Si kwa ubaya.

Mdadisi_Moro: Nimeona picha za farasi mwenye utepe mwekundu mkiani. Ni urembo?

Mwandishi: Ni onyo: huyo anapiga teke. Kaa mbali nyuma yake. Kijani mara nyingi ni farasi mgeni asiye na uzoefu. Na ukikutana na farasi njiani ukiwa kwa miguu, simama upande wa chini wa mteremko, ongea kwa sauti ya kawaida. Farasi akisikia sauti ya mtu anajua wewe si mnyama anayewinda. Ukijificha nyuma ya mti kwa heshima ndipo anapokimbia.

Mama_Zuhura: Nyongeza kuhusu kupe: soksi juu ya suruali, na jioni mpekue farasi chini ya mkia, katikati ya mapaja, na ndani ya manyoya ya shingo. Sisi pia tujipekue. Mwaka jana mwanangu alipata homa ya Lyme, tukachelewa kuijua.

Mwandishi: Pole sana mama, na ahsante. Hili niliongezee pale hatua ya 8. Tena nyoka: Hoosier kuna aina mbili zenye sumu, kichwashaba (copperhead) na nyoka mwenye kayamba mkiani (rattlesnake). Msikae wala kuweka tandiko juu ya gogo kabla ya kutazama upande wa pili.

Kamanda_Thika: Boss, la mwisho. Novemba ni sawa? Hakuna nzi, hakuna joto.

Mwandishi: Hilo ni swali la mtu aliyesoma. Hali ya hewa ni nzuri, lakini katikati ya Novemba msimu wa kuwinda paa kwa bunduki unaanza Indiana, na msituni wawindaji wapo. Ukienda, vaa rangi ya chungwa inayong'aa, na farasi umvalishe pia, kifuani na nyuma ya tandiko. Farasi wa kahawia kati ya miti, kwa mbali, huonekana kama paa. Mimi huchagua Oktoba mwanzoni.