Jinsi ya kulichambua neno "courage" na kulitumia sawasawa

Neno hili la Kiingereza, ambalo leo maana yake ni ushujaa, anza kwa kulikata mahali panapostahili: "cour" na "age". Wengi hukata vibaya, wakaona "rage", yaani ghadhabu, imejificha ndani. Haimo, "rage" ina asili yake nyingine, "rabies" ya Kilatini. Hapa mzizi ni "cor", moyo kwa Kilatini, na "-age" ni kiambishi tamati kilichopitia Kifaransa. Kiingereza kililipokea neno hili mnamo 1300 hivi kutoka Kifaransa cha Kale, likiandikwa "corage".

Katika kamusi za asili ya maneno huenda ukakutana na "coraticum" yenye kinyota mbele. Kinyota hicho maana yake ni kwamba umbo hilo limekisiwa na wanaisimu, halijaonekana katika andiko lolote. Usilinukuu kama neno lililowahi kuandikwa.

Ukisoma maandishi ya zamani, usikimbilie "ushujaa". Jaribu kwanza "moyo", kisha "nia", "hasira", hata "ashiki", uone ipi inakaa. Chaucer, mshairi Mwingereza, mwishoni mwa karne ya 14, aliandika juu ya ndege wadogo ambao maumbile huwachochea katika "corages" zao wakati wa machipuko. Ukitafsiri "ushujaa" hapo, ndege wanageuka askari.

Kwa matumizi ya leo, Mswahili ameshapunguziwa kazi: "encourage" ni kutia moyo, "discourage" ni kuvunja moyo, na "pluck up courage" ni kupiga moyo konde. Kinachotatiza ni sarufi. "Encourage" hufuatwa na mtu, kisha "to" na kitenzi: "encourage her to speak". "Discourage" hudai "from": "discourage her from speaking". Ukiandika "discourage her to speak", umekosea, na kosa hili ni la kawaida mno.

Nomino yenyewe haihesabiki, basi usiseme "a courage". Ukitaka tendo moja, sema "an act of courage". Na "Dutch courage" haiwasifu Waholanzi. Ni ujasiri wa kuazima kwenye chupa ya pombe.

Katika "courageous" iache "e" baada ya "g"; ukiidondosha, "g" itasomeka kama ya "gari" badala ya "j". Mkazo nao unahama: katika "courage" uko silabi ya kwanza, katika "courageous" uko ya pili.