Maziwa ya manjano kwa viungo vya mwili vinavyouma

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, manjano huitwa haridra, na hutumika kutuliza uvimbe. Nguvu yake iko kwenye kurkumini, kiambato kinachoyapa rangi, ambayo mwili huifyonza kwa shida sana. Ndiyo maana yanahitaji mafuta na pilipili manga. Ukiyakoroga kwenye maji matupu, sehemu kubwa inapita tu.

Ukiwa Moshi, pitia soko la Mbuyuni ununue manjano mabichi badala ya unga. Huko Bangladesh unga umewahi kukutwa na rangi yenye madini ya risasi, na kwa macho huwezi kuitambua. Vunja kipande: kikatike kwa mlio, ndani kiwe na rangi ya chungwa iliyokolea. Kinachopinda kimeshanyauka, kiache.

Kwaruza ganda kwa kijiko, kipande cha urefu wa kidole gumba, kisha twanga. (Vaa glavu, rangi haitoki kirahisi.) Tia kwenye sufuria pamoja na kikombe 1 cha maziwa yasiyoenguliwa, tangawizi kidogo na punje 5 za pilipili manga zilizopondwa. Chemsha kwa moto mdogo dakika 10 ukikoroga, maana moto mkali huunguzisha maziwa. Chuja. Asali itie yakishakuwa vuguvugu. Ayurveda inakataza kabisa kuipika.

Kikombe kimoja jioni, baada ya kula, kinatosha. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye mawe kwenye nyongo, au mjamzito, amuulize daktari kwanza. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, usichemshe chochote: nenda hospitali siku hiyohiyo.