Kabla hujaamsha mfupa wa kwanza

Mifupa ya nani? Hilo ndilo swali ninalomuuliza kila anayekuja mezani kwetu, hapa Mwanga, Kigoma, na karatasi ya mhusika aliyoijaza usiku kucha: juu amechora fuvu, chini kaandika idadi ya mifupa itakayomtumikia. Wengi hawana jibu. Kanuni wamezisoma vizuri tu, ila kanuni hazikuwauliza.

Mchezo tunaocheza ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, msimulizi anaongoza hadithi na kete zinaamua, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1974 huko Marekani. Uganga wa kuamsha wafu, ambao kwenye kitabu cha Kiingereza utaukuta kwa jina la Animate Dead, unataka tone la damu, kipande cha nyama na unga kidogo wa mfupa. Unataka pia maiti, au rundo la mifupa ya kiumbe wa jamii ya binadamu asiye mkubwa kupita kiasi. Unasoma maneno yako kwa dakika moja, mfu anasimama. Maiti ilitoka wapi, nani aliizika, nani atalikuta kaburi limefukuliwa, hayo hayamo. Kitabu cha mwaka 2014 kinagusia tu kwamba kuamsha wafu si tendo jema, na kwamba ni waovu pekee wanaolifanya mara kwa mara, kisha kinaendelea na safari yake.

Huku kwetu maiti ana wenyewe. Yupo aliyemwosha na aliyemkafini, wapo walioshuka kaburini kumpokea, yupo mjane aliyekaa eda, na ipo arobaini inayosubiriwa na ukoo mzima. Ukichukua mifupa umewachokoza wote hao, na kwa msimulizi anayeendesha mchezo hilo ni chakula. Kaka wa marehemu akitokea mlangoni na panga mkononi, akamtambua ndugu yake kwa jino lililovunjika, mapambano hayo yatakumbukwa kuliko majoka kumi. Kwa hiyo kabla ya kugusa kete, amua mhusika wako anawapata wapi wafu wake na kwa idhini ya nani. Ukishalijibu hilo, nusu ya tabia yake imejiandika yenyewe.

Kuna kijana mmoja wa Ujiji alikuja na jibu lililotunyamazisha. Alitaka mhusika wake aamshe waliokufa njiani, wapagazi na watumwa wa misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Kwa historia alikuwa sahihi: njia ile ilimeza watu wengi ambao hakuna aliyewazika. Lakini binti mmoja aliyekuwa anachambua kete zake pale pembeni akamwuliza, "Sasa umewaamsha ili wakubebee tena mizigo?" Yule kijana akakaa kimya muda mrefu. Wiki iliyofuata karudi na mhusika mwingine kabisa ndani ya jina lile lile: wafu wake wanamfuata kwa sababu amewaahidi kuwarudisha makwao mmoja mmoja, wanapigana wakikutana na hatari njiani, na kila anapofika kijiji cha mmoja wao anamzika na kubaki na pungufu. Kanuni hazikubadilika hata mstari. Nguvu zake hupungua kila anapotimiza ahadi, na mchezaji mwenyewe ndiye aliyejichagulia hivyo.

Jibu jingine ninalolipenda linatoka ziwani. MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, unaijua. Wajerumani waliileta vipandevipande ikiitwa Graf von Goetzen, wakaiunga hapa Kigoma, na mwaka 1916, walipoona vita vinawaelemea, wakaizamisha wenyewe. Ila kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakijua kwamba huenda ikahitajika tena. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina jipya. Sasa mfikirie mwamsha wafu wa namna hiyo, anayewaandaa watu wangali hai. Anaandikiana nao mkataba, anajua ni mfupa upi una ufa, anajua nani alisema "mimi mniache nilale". Mkataba unavunjwaje? Nani anaurithi? Hapo una mhusika wa kuchezwa mwaka mzima.

Halafu wafikirie wale wasiotaka. Kanuni zina uganga wa ngazi ya 2 (ngazi ya uganga ni uzito wake, si ngazi ya mhusika) unaoihifadhi maiti isioze kwa siku 10, unaofanywa kwa kuweka sarafu ya shaba juu ya kila jicho. Watu huuchukulia kama friji tu. Lakini maandishi yake yanasema pia kwamba maiti hiyo haiwezi kugeuzwa mfu anayetembea muda huo wote. Msimulizi mwerevu atakijaza kijiji kizima sarafu za shaba mara tu sifa zako zitakapotangulia, nawe utafika makaburini ukute macho yote yamefunikwa.

Kwa jinsi tunavyoongea mezani, hatusemi "kufufua" kwa kazi hii. Kufufua ni kwa Mwenyezi Mungu, na nusu yetu tumesoma madrasa Ujiji, hatulitumii neno hilo kwa mchezo. Tunasema "kuamsha", na mhusika ni mwamsha wafu. Anayejifunza uganga kwa kitabu tunamwita msomi, na anayeupata kwa ibada tunamwita kasisi. Wote wawili wanaweza kuamsha wafu, jambo ambalo wageni wengi hawalijui.

Sasa angalia una kitabu gani, kwa sababu hapa watu hupoteza jioni nzima wakibishana. Hati ya kanuni za msingi za toleo la tano iliwekwa chini ya leseni huria Januari 2023, unaipakua kwenye simu bila kulipa, na uganga wa kuamsha wafu umo. Lakini njia ya kisomi ya wafu, yaani utaalamu ambao msomi anauchagua, haimo. Wasomi wamepewa njia moja tu humo, ile ya moto na radi. Kitabu kamili cha 2014 ndicho chenye njia hiyo. Kile cha 2024 nacho kimeiacha nje. Kama kundi lenu linatumia hati ya bure, bado unaweza kumcheza mwamsha wafu, ila jua unachokikosa. Kwenye kitabu cha 2014, ukifika ngazi ya 2, kila unapomwua adui kwa uganga unajirudishia uhai: mara mbili ya ngazi ya uganga ule, na mara tatu kama wenyewe ni wa kundi la mauti. Ukifika ngazi ya 6 unaamsha maiti mbili badala ya moja, na kila unayemwamsha anaongezewa pointi za uhai sawa na ngazi yako, pamoja na nguvu zaidi ya kupiga. Ongeeni na msimulizi mapema. Mwingine atakuruhusu kuyatumia hata kama hana kitabu, mwingine hatakuruhusu, na yote mawili ni haki yake.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: ngazi nne za mwanzo hutakuwa na mfu hata mmoja. Msomi anaupata uganga wa kuamsha akifika ngazi ya 5. Kwa sisi tunaokutana Jumapili moja moja, mvua ikiruhusu na umeme ukiwepo, hiyo inaweza kuwa miezi. Mwandae mhusika anayestahili kuchezwa kabla ya jeshi lake. Anafanya kazi gani? Anachimba makaburi? Anawaosha maiti kwa malipo? Anaandika majina ya wafu kwenye daftari? Mmoja wetu alimcheza mwandishi wa wosia, na hadi leo namkumbuka huyo kuliko mifupa aliyokuja kuipata baadaye.

Kisha hesabu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanaporushwa. Mfu uliyemwamsha anakutii kwa saa 24. Zikiisha bila kumsomea tena, hapotei. Anabaki amesimama palepale, hakutii, na hakupendi. Kumsomea tena kunakula uganga ule ule wa ngazi ya 3, na mara moja inatosha kuwashika wanne uliokwisha kuwaamsha. Msomi wa ngazi ya 5 ana nafasi mbili tu za kusoma uganga wa ngazi ya 3 kwa siku, na akipumzika kidogo anaweza kujirudishia moja. Zidisha mwenyewe: mara tatu kwa wanne ni kumi na wawili, na hapo umetumia kila kitu kizito ulichonacho, huna moto wa kurusha wala uganga mwingine wa ngazi hiyo. Ni kama pikipiki ya mkataba. Asubuhi kabla hujabeba abiria, unajua jioni hesabu ya bosi lazima ipatikane, iwe umepata wateja au umeshinda umepaki stendi. Ushauri wangu: bakia na wanne. Nafasi moja inawalipia, na zinazobaki ni zako.

Mifupa au maiti yenye nyama? Mifupa ina mwendo mzuri na inajua kupiga mishale kwa mbali, lakini rungu linaivunja maradufu, na kila mchungaji njiani ana rungu. Maiti yenye nyama inakokota miguu na ni rahisi kuipiga, ila ikiishiwa uhai ina nafasi ya kugoma kuanguka. Mimi nachukua mifupa minne yenye pinde, naiweka nyuma, basi.

Mtazame pia kasisi wa kundi lenu. Kasisi akiinua alama ya imani yake kuwafukuza wafu, uganga huo hauulizi wafu ni wa nani. Kila mfu aliye ndani ya futi 30 anayemwona au kumsikia anajaribiwa, na kasisi akishafika ngazi ya 5, wafu wadogo wanaoshindwa jaribio hilo wanageuka vumbi. Mifupa yako iko kwenye kundi hilo hilo. Nimeona urafiki wa kweli ukiyumba kwa wiki mbili kwa sababu ya jambo hili. Ongeeni kabla.

Kingine kidogo: wafu wanne ni kurusha kete mara nne kila zamu yako, wakati wenzako wanasubiri wakinywa chai. Rusha zote kwa pamoja. Sisi kete za nyuso ishirini tunazo tatu tu kwa watu sita, kwa hiyo tunaongezea kete za kwenye simu, na mifupa tunaiwakilisha kwa kokwa za michikichi. Zinapatikana bure na zina rangi inayostahili.

Linalobaki ni la nje ya mchezo, nalo silifanyii mzaha. Unacheza wapi, na nani anasikia? Ukuta wa nyumba zetu haufichi sauti. Ukisema kwa nguvu "namwamsha maiti wa yule bibi", jirani hajui kwamba unaongelea kokwa. Neno msukule halitumiki mezani kwetu. Kuna familia zinazoamini kwa dhati kwamba ndugu yao hakufa, kachukuliwa akalimishwe mashamba ya watu usiku. Hilo ni jeraha lao, na huwezi kujua nani aliyeketi mbele yako analo. Hatumpi adui sura ya bibi kizee mwenye macho mekundu, maana vikongwe wa kweli wameuawa katika nchi hii kwa kutuhumiwa uchawi kwa sababu hiyo hiyo. Na hakuna mhusika, mwema wala mwovu, atakayetumia viungo vya mtu mwenye ualbino kwenye uganga wake. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilizika watu kwa ushirikina huo, na wapo waliobaki bila mikono. Anayeona hilo linampunguzia raha ya mchezo atafute meza nyingine.

Pia kukiwa na msiba mtaani, mwamsha wafu anabaki nyumbani. Tunacheza hadithi nyingine jioni hiyo, au hatuchezi, tunakwenda kukaa na wafiwa.

Baada ya yote hayo, lete karatasi yako. Nitaomba jambo moja ambalo halimo kwenye karatasi za kununua: pale unapoandika wafu wako, pembeni ya pointi za uhai, chora safu nyingine na uiandike "mwenyewe". Kila mfu awe na jina la anayemdai, hai au marehemu. Yule kijana wa Ujiji aliniletea yake Jumapili iliyopita. Wanne waliandikwa, wawili kati yao safu ilikuwa tupu. Nilimrudishia, nikamwambia hao wawili wasubiri, tutaanza na hao wengine.