Faili lipo kwako, halipo kwa aliyesakinisha: kutibu FileNotFoundError kwenye kifurushi cha Python

Nimetoka kumsaidia mwenzangu ambaye programu yake ilienda vizuri kwenye kompyuta yake, ila kila aliyeisakinisha kwa pip (chombo cha kusakinisha vifurushi vya Python) alipata FileNotFoundError, yaani kosa la faili kutopatikana. Chanzo huwa kimoja kati ya viwili: njia ya faili imekosewa, au faili lenyewe halikuingia kwenye kifurushi.

Hatua ya 1. Soma njia iliyotajwa kwenye kosa. Ikiwa ni `data/miji.csv` peke yake, Python inalitafuta kuanzia folda ulimofungulia terminali, si kodi ilipo. Angalia pia herufi kubwa na ndogo, Linux huzitofautisha.

Hatua ya 2. Acha kuunga njia kwa mkono. Kuanzia Python 3.9 (weka jina la kifurushi chako mahali pa `kifurushi`):

```
from importlib.resources import files
matini = files("kifurushi").joinpath("data/miji.csv").read_text(encoding="utf-8")
```

`pkg_resources`, njia ya zamani ya kazi hiyohiyo, usiiguse, imeshapitwa na wakati.

Hatua ya 3. Hapa ndipo siku nzima hupotelea. Ukisakinisha kwa `pip install -e .`, Python husoma folda yako ya kazi moja kwa moja, kwa hiyo faili litaonekana hata kama halimo kwenye kifurushi. Majaribio yote yatapita na utadanganyika. Tengeneza kifurushi chenyewe, kisha kifungue ukiangalie. Wheel, yaani faili la `.whl` ambalo pip husakinisha, ni zipu tu:

```
python -m build
python -m zipfile -l dist/jina-la-faili.whl
```

Kama CSV yako haimo kwenye orodha, usihangaike na kodi. Ongeza kwenye `pyproject.toml` (faili la mipangilio ya mradi; hii ni kwa wanaojenga vifurushi kwa setuptools):

```
[tool.setuptools.package-data]
kifurushi = ["data/*.csv"]
```

Njia hiyo huhesabiwa kuanzia folda ya kifurushi, si mzizi wa mradi. Folda ya `data` iliyo nje ya kifurushi haitachukuliwa. Tena `data/*.csv` haishuki kwenye folda za ndani, hizo zitaje zenyewe. Wengi hukimbilia `MANIFEST.in`, faili jingine la kuorodhesha yanayobebwa; mimi napendelea `package-data` kwa sababu ukiisoma unajua kifurushi gani kinabeba nini. Na kabla ya kujenga upya, futa `build/` na folda ya `.egg-info`. Mabaki yake huweza kuingiza mafaili uliyokwisha kuyaondoa, ukadhani umepona.

Hatua ya 4. Sakinisha wheel hiyo kwenye venv mpya (mazingira ya Python yaliyotengwa), toka nje ya folda ya mradi, ndipo uiendeshe. Ukibaki ndani, Python huweza kuokota kodi ya hapo badala ya iliyosakinishwa.